Mvuvi Aliyesema Sana

Mwezi wa Novemba uliopita mwanangu wa pili alinipigia simu kutoka Nanyuki akaniuliza kama ningependa kwenda naye kuvua trauti katika Mlima Kenya, ifikapo Februari. Tungelala Rutundu, kisha kama afya yangu ingeruhusu tungepanda hadi Ziwa Alice, ambalo liko juu zaidi, maji yake marefu na baridi, limezungukwa na nyasi na ukungu. Nilikubali kabla sijafikiri. Baada ya kuiweka simu ndipo nilipotambua kwamba mazungumzo yale yalikuwa yamechukua dakika kumi na tano, na kwamba kwa miaka mingi mimi na yeye hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu na habari za dawa za mama yake.

Mwalimu hazeeki tabia. Wengine wakialikwa safari hununua viatu. Mimi nilikwenda kabatini kutafuta kitabu. Nilikuwa nacho kimoja cha uvuvi, nilichoachiwa na mwalimu mwenzangu, Mwingereza, alipokuwa akirudi kwao katika miaka ya sabini. Ni kitabu cha Izaak Walton kiitwacho The Compleat Angler, kilichochapishwa London mara ya kwanza mwaka 1653. Nilikuwa sijawahi kukisoma chote. Chuoni, nilipokuwa nikijifunza ualimu, tulisomeshwa kurasa chache kwa ajili ya mtihani, tukaambiwa ni nathari safi, nasi tukaandika kwamba ni nathari safi. Sasa nilikisoma kwa haja. Nilitaka kujua jinsi ya kumpata samaki huyu katika maji baridi. Haya yafuatayo ni niliyoyaona, na msomaji atanisamehe ikiwa tahakiki hii itapotoka mara kwa mara ikaingia nyumbani kwangu.

Walton hakuwa bwana mkubwa. Alizaliwa Stafford mwaka 1593, akaishi London akifanya biashara ya nguo. Kitabu chake ni mazungumzo. Katika chapa ya kwanza wazungumzaji wakuu ni wawili, Piscator, yaani mvuvi, na Viator, msafiri. Kuanzia chapa ya pili ya mwaka 1655 msafiri anaondoka na mahali pake wanaingia Venator, mwindaji, na Auceps, mwindaji wa ndege kwa kozi. Watatu hawa wanakutana njiani asubuhi ya mwezi wa Mei, nje ya London, wakielekea Ware. Kila mmoja anausifu mchezo wake. Wa kozi anasifu hewa, mwindaji anasifu ardhi, mvuvi anasifu maji. Mwisho wa mashindano hayo mwindaji ameshindwa kabisa, na anaomba awe mwanafunzi wa mvuvi. Siku zinazobaki ni masomo: samaki huyu na chambo chake, samaki yule na ndoana yake, na katikati yake nyimbo, vyakula na sala.

Sisi wa rika langu tulifundishwa kukipasua kitabu vipande viwili, fani upande huu na maudhui upande huu, kama mtu apasuaye nazi. Sitafanya hivyo. Kitabu hiki ni somo, na mimi kwa zaidi ya miaka thelathini nimekaa nyuma ya madarasa nikiwakagua walimu. Kwa hiyo nitamkagua Piscator kama nilivyokuwa nikimkagua mwalimu yeyote: ana andalio la somo? Anamjua mwanafunzi wake? Na kengele ikilia, mwanafunzi anaweza nini ambacho hakukiweza asubuhi?

Nianze kwa sifa, kama ilivyo desturi ya mkaguzi mwenye adabu. Piscator anajua kwamba mwanafunzi huamini macho yake kabla ya masikio. Somo lake la kwanza la kuvua halianzi na trauti, samaki wa kifahari. Linaanza na samaki mmoja wa mtoni mwenye miiba mingi, ambaye watu wa huko walimdharau. Wanasimama nyuma ya mti, wanachungulia majini, na samaki wako pale karibu na uso wa maji. Mwalimu anamwambia mwanafunzi mapema ni yupi atakayevuliwa. Anamwonyesha mmoja mwenye doa jeupe mkiani, na huyo huyo ndiye anayetolewa. Kisha anapikwa, na mwanafunzi, aliyekuwa akimdharau, anamla kwa furaha. Sijaona maonyesho ya darasani yaliyo bora kuliko hayo. Kuna jambo moja dogo, dhahiri, lenye kuonekana, na shaka ya mwanafunzi imejibiwa bila hotuba.

Jambo la pili zuri limo katika kisa cha fito. Mwanafunzi anapoona mwalimu anavua na yeye havui, analaumu ufito wake. Wanabadilishana. Mwalimu anaendelea kuvua kwa ufito ule ule uliolaumiwa. Hapo Piscator anasimulia habari ya mhubiri aliyeazima mahubiri ya mwenzake yaliyokuwa yamesifiwa sana, akayatoa kwa waumini wake, na hayakupendwa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Ni mara ngapi nimemkuta mwalimu kijana mkononi ana andalio la somo la mwenzake, lililonakiliwa neno kwa neno, na darasa limelala! Walton hakuwa mwalimu, lakini alijua kwamba somo halikai katika karatasi, kama vile samaki hakai katika ufito.

Baada ya sifa, kasoro. Kasoro ya kwanza na iliyo kubwa ni kwamba Piscator anasema mno. Venator anashukuru, anakubali, anaomba aambiwe zaidi, anashukuru tena. Hana swali hata moja linalomkwamisha mwalimu. Mwindaji aliyekua akiwapenda mbwa wake anaacha mapenzi hayo kwa asubuhi moja, naye hatuonyeshi dalili ya kuyakumbuka. Hayo ni maongozi ya mwalimu anayejisikiliza, na mwanafunzi amewekwa pale ili mwalimu apate mtu wa kumwambia. Katika riwaya tungesema mhusika huyu ni bapa. Darasani ningeandika katika daftari la ukaguzi: “Wanafunzi washirikishwe.” Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi sana maishani. Nyumbani kwangu hakuna aliyekuja kuniandikia mimi.

Hapa hapana budi nimtaje baba yangu. Alikuwa mvuvi wa mshipi huko Gazi, kusini ya Mombasa. Alinifundisha kuvua changu na kolekole, na sikumbuki kwamba katika ngalawa alinipa maelezo yazidiyo sentensi mbili kwa siku. Alinipa mshipi mkononi. Chubwi ilipogusa chini, alitazama uso wangu kuona kama nimehisi. Nikivuta mapema, samaki alikwenda zake, na baba alitia chambo kingine bila kusema neno. Kipande cha ngisi ndicho kilichokuwa karipio. Mimi nilipokuwa baba, nikiwa pia mwalimu mkuu, nilirithi mshipi wake lakini sikurithi ukimya wake. Mwanangu huyu hakupenda vitabu, alipenda mashine. Kila jioni nilimhubiria. Nilikuwa na hoja nzuri, nilikuwa na mifano, nilitoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana, sawasawa na mafunzo. Naye, kinyume cha Venator, hakushukuru. Alinyamaza, akamaliza shule, akaenda bara kujifunza ufundi wa mitambo ya maji, asirudi ila sikukuu.

Kasoro ya pili ni ya elimu yenyewe. Walton anavua kwa mkono wake, lakini mara nyingi anafikiri kwa macho ya watu waliokufa. Akiwa na mto mbele yake, bado anamtaja Pliny, anamtaja Gesner na Aldrovandus. Kwa kuwafuata wakubwa hao anapokea kwamba baadhi ya mikunga hutokana na umande, na kwamba samaki mkali wa huko aitwaye pike huweza kuzaliwa na majani ya majini. Simcheki kwa kutokujua yaliyojulikana baadaye. Ninachomlaumu ni kwamba alipokuwa na macho mazuri hivyo, macho yaliyoona doa la mkiani, aliyafumba kila kitabu kikubwa kilipofunguliwa. Ni ugonjwa wetu walimu. Tunamwambia mtoto atazame, kisha tunamsomea alichopaswa kuona.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonigusa kama msafiri. Nilitafuta ziwa la mlimani katika kitabu hiki, sikulipata. Maji ya Walton ni mto Lea, mto wa nchi tambarare, wenye nyumba za wageni kandokando na shuka zenye harufu nzuri. Trauti wa mtoni ana adabu fulani. Huelekeza kichwa kule maji yatokako, husimama mahali pake, hungoja chakula kiletwe na mkondo. Mvuvi akipajua mahali, amejua nusu ya kazi. Katika ziwa hakuna mkondo wa kumletea. Samaki huzunguka mwenyewe akitafuta, na mvuvi lazima akisie njia yake.

Tena mtu hudhani kwamba ziwa likiwa na kina kirefu, samaki wote wako kilindini. Sivyo. Chini kabisa ni giza, na pasipo mwanga mimea haioti, na pasipo mimea wadudu ni wachache. Chakula kingi kiko kandokando, kwenye majani ya maji machache, na pale kijito kinapoingia, na hasa kwenye ukingo ambapo sakafu ya ziwa huporomoka ghafla kuingia kilindini. Hapo samaki hula akiwa na kimbilio karibu. Mwanangu aliponieleza hayo kwa simu nilimjibu kwamba baba yangu alikuwa akitupa nanga pale pale, ukingoni mwa mwamba, ambapo maji ya kijani hugeuka kuwa ya buluu nzito. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe babu alijua, Baba.” Babu yake hakupata kumwona trauti maishani.

Wala Walton hana la kumwambia mzee wa miaka zaidi ya sabini anayetoka usawa wa bahari. Rutundu iko takriban meta 3,100, na Alice iko juu zaidi. Huko hewa ni kama theluthi mbili ya ile tunayoivuta pwani, na usiku barafu ndogo inaweza kuonekana majanini. Daktari wangu hakunikataza, ila ameweka sharti: nisipande kwa siku moja. Kwa hiyo tumepanga nilale Nanyuki siku tatu, kisha Rutundu usiku mbili bila kazi yoyote ila kukaa, na kichwa kikiniuma tushuke, pasipo ubishi. Tumechagua Februari kwa kuwa ni kiangazi kati ya mvua za vuli na masika. Barabara ya juu ikilowa, hata gari la magurudumu manne huomba msaada. Leseni ya uvuvi na kiingilio cha hifadhi vimo katika orodha, pamoja na soksi za sufi, ambazo mimi mtu wa Gazi sijapata kuzivaa.

Hata samaki mwenyewe ni mgeni katika mlima huu. Mito ya milima yetu haikuwa na trauti kabla ya wakoloni. Waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan. Baadaye wakaja wale wenye mstari wa rangi ubavuni, ambao asili yao ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini. Wamekaa kwa sababu maji ya juu ni baridi na yana hewa ya kutosha. Yakipata joto sana hawawezi kuishi. Kwa hiyo mimi na samaki sote tutakuwa wageni mle mlimani, ila yeye ameshazoea.

Je, basi kitabu hiki kitupwe? Nilikaribia kusema hivyo, mpaka nilipofika nyuma ya chapa ya tano, ya mwaka 1676. Walton alikuwa amekwisha pita miaka themanini. Alijua kwamba katika uvuvi wa trauti kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu, yeye hakuwa bingwa. Sehemu ya maelezo yake ya awali aliyachukua kwa Thomas Barker, aliyekuwa mpishi, na alikiri hivyo. Basi akamwomba rafiki yake Charles Cotton, mdogo wake kwa miaka thelathini na saba, aandike sehemu ya pili. Wawili hawa waliitana baba na mwana, ingawa hawakuwa na damu moja. Kando ya mto Dove, katika nchi ya vilima, Cotton alikuwa amejenga mwaka 1674 nyumba ndogo ya mawe ya kupumzikia wavuvi, na mlangoni akachora herufi za kwanza za majina yao zikiwa zimefumana.

Sehemu ya Cotton si tamu kama ya Walton. Haina nyimbo nyingi wala utulivu ule. Lakini kama somo, ni bora. Mgeni wake, Viator, anaruhusiwa kuogopa. Anaona vilima vya huko vinatisha na anasema hivyo. Anauliza maswali ya mtu ambaye kweli hajui. Mwalimu anafunga nzi mbele ya macho yake, hatua kwa hatua, kisha mgeni anajaribu kwa mkono wake. Maji ni mepesi kama kioo, kwa hiyo anafundishwa mshipi mwembamba na kusimama mbali. Hilo ndilo la kwanza katika kitabu chote ambalo nimeliandika katika daftari langu la safari, maana maji ya mlimani ni mepesi vivyo hivyo, na kivuli cha mtu kinatosha kuharibu asubuhi nzima.

Kwa maoni yangu uamuzi huo wa mwaka 1676 ndio ukurasa bora wa Walton, ingawa hakuuandika yeye. Mtu aliyekuwa amesema peke yake kwa chapa nne alinyamaza, akampa chaki mwana. Ukiisha kuliona hilo, hata kelele za Piscator unazisikia vingine. Kumbuka kitabu kilitoka lini. Miaka minne kabla yake mfalme Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kanisa alilolipenda Walton lilikuwa limevunjwa, na marafiki zake makasisi wamefukuzwa. Nyumbani, watoto wote wa ndoa yake ya kwanza walikuwa wamekufa wakiwa wadogo. Hakuna hata moja la hayo linalosimuliwa na Piscator. Wahakiki wengine wamemlaumu kwamba alikimbia, akajificha kwenye majani ya mtoni nchi ikiteketea. Mimi nilikuwa tayari kukubaliana nao. Sasa naona kwamba aliyepoteza watoto akabuni mwanafunzi asiyekwenda popote, anayekaa, anayesikiliza, anayeshukuru, hakuwa akidanganya juu ya ualimu. Alikuwa akitamani. Kasoro ya sanaa inabaki kuwa kasoro, sijaifuta katika daftari. Ila nimejua imetoka wapi, na mkaguzi anayejua kasoro imetoka wapi huandika kwa wino mwepesi.

Kitabu kinamalizikia kwenye wosia wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, katika waraka wa kwanza, juu ya kujitahidi kuishi kwa utulivu. Mimi si wa dini hiyo, lakini nasi tuna semi zetu kuhusu ulimi, na baba yangu alizitekeleza zote bila kuzitaja.

Sasa ni Januari. Kila jumamosi jioni mwanangu hupiga simu, na mpango unaendelea. Mwanzoni nilikuwa nikimtumia maagizo. Nilikuwa nimeandaa azimio la kazi la siku saba, lenye safu za muda, shughuli na vifaa. Nililisoma likanipendeza, kisha nikalikunja nikalitia ndani ya kitabu cha Walton, kwenye kurasa za Venator, ambako linastahili kukaa. Siku hizi nauliza. Nzi wa rangi gani? Asubuhi au jioni? Upepo ukivuma kutoka upande gani tusimame wapi? Anajibu kwa urefu ambao sikujua anao. Juma lililopita alinieleza kwa muda mrefu namna ya kurusha mshipi wa nzi, kwamba nguvu haitakiwi, kwamba mtu hungoja mshipi unyooke kwanza nyuma yake ndipo aupeleke mbele, na kwamba kosa la wote wanaoanza ni kutokungoja. Nilitaka kumwambia kwamba hilo ni kweli pia katika mengine. Maneno yalifika mdomoni, na mfano wake ulikuwa mzuri.

Nikamuuliza tungoje kwa muda gani.

“Utahisi mkononi, Baba,” akasema. “Nitakuwa nimesimama karibu.”